Usiri Bila Uhalisi: Mpangilio wa Muhuri katika Usimbaji wa Ujumbe, 1997–2018

Kuuficha ujumbe si kuulinda usibadilishwe. Tofauti hiyo ilidhihirika katika WEP, mfumo wa usalama wa mitandao isiyotumia waya uliotolewa mwaka 1997. WEP ilisimba data kwa RC4 na kuiambatisha na hesabu ya ukaguzi iitwayo CRC-32, ambayo hugundua makosa ya bahati mbaya lakini haina ufunguo wa siri. Mwaka 2001 Nikita Borisov, Ian Goldberg na David Wagner walionyesha kwamba mshambulizi aliweza kugeuza biti alizozitaka ndani ya ujumbe uliosimbwa na kuirekebisha hesabu hiyo, mpokeaji asitambue lolote. Ufunguo hakuuhitaji.

Dawa ilikwisha kuwapo. Mwaka 1996 Mihir Bellare, Ran Canetti na Hugo Krawczyk walibuni HMAC, muhuri unaokokotolewa kwa ufunguo wa siri. Lililobaki ni mpangilio. SSL ilitia muhuri kwanza, kisha ikasimba. SSH ilivifanya vyote viwili juu ya ujumbe ulio wazi. IPsec ilisimba kwanza, kisha ikautia muhuri ujumbe uliosimbwa. Mwaka 2000 Bellare na Chanathip Namprempre walithibitisha kwamba, muhuri ukiwa imara, ni mpangilio huu wa tatu pekee unaodhamini usalama kwa jumla.

Uthibitisho huo haukubadili desturi upesi. Mwaka 2002 Serge Vaudenay alionyesha kwamba seva inayofumbua ujumbe kabla ya kuhakiki muhuri huweza kuvujisha siri kupitia majibu yake kuhusu biti za kujazia. Mwaka 2013 Nadhem AlFardan na Kenneth Paterson walipata uvujaji wa aina hiyo kwa kupima tofauti ndogo za muda katika TLS, mrithi wa SSL. TLS iliruhusu mpangilio salama kama hiari mwaka 2014; toleo la 1.3 la mwaka 2018 lilibakiza tu usimbaji unaounganisha usiri na uthibitisho.

Hivyo miaka 18 ilipita kati ya uthibitisho na kanuni. Maarifa hayakukosekana, kilichochelewa ni viwango. Funzo kwa watunga sera ni bayana: sheria inayodai tu kwamba data isimbwe ingetimizwa hata na WEP. Yafaa idai pia kwamba kila ujumbe uhakikiwe kabla ya kufumbuliwa.