Mkono Uliofundishwa Kusubiri

Mwaka 2025 ilitimia miaka 80 tangu Charles Macafee, daktari wa uzazi wa Belfast, achapishe ripoti yake kuhusu kina mama 174 ambao kondo la nyuma lilikuwa limetangulia, limekaa chini karibu na mlango wa kizazi. Ni nadra kusikia jina lake katika vyuo vyetu vya uuguzi. Kinachosikika ni amri aliyoitetea: mjamzito anayetokwa damu miezi ya mwisho asipimwe njia. Wanafunzi huikariri usiku wa kuamkia mtihani, pamoja na ngazi nne za plasenta previa, yaani kondo lililotangulia, bila kuambiwa iligharimu roho ngapi.

Mkunga mmoja mstaafu, ambaye bado huitwa kufundisha, hakubali ikaririwe hivyo. Nilikaa darasani kwake asubuhi moja. Alikuwa na mfuko wa kitambaa alioushona kwa umbo la mji wa mimba, ndani mwanasesere, na chini kabisa, juu ya mlango, kondo la kitambaa chekundu lililoshikizwa kwa nyuzi hafifu. Akauvuta mfuko taratibu. Nyuzi zikakatika moja moja.

"Mimba ikikua, huku chini kunavutika. Kondo halivutiki," alisema. "Linabanduka, damu inatoka nyekundu, na mama haumwi kitu. Sasa wewe ukaingize kidole hapo?"

Kwake yeye historia ya kondo ni historia ya mkono, na kisa anachokirudia kila mwaka ni cha Paris, 1664. François Mauriceau, mpasuaji aliyekuwa akijijengea jina katika uzalishaji, alimkuta dada yake akivuja damu, mimba ikiwa karibu kutimia. Wenye majina makubwa kuliko lake hawakuthubutu kumzalisha. Damu ikaendelea. Mwishowe kaka mtu akaingiza mkono mwenyewe, akamgeuza mtoto tumboni, akamvuta kwa miguu. Mtoto alitoka hai, akawahi kubatizwa. Mama yake alikata roho muda mfupi baadaye. Mauriceau alikisimulia kisa hicho kwa uchungu katika maandishi yake, na hakuna mwanafunzi anayekisikia akabaki anachezea kalamu.

Wakati ule wengi, Mauriceau mwenyewe akiwemo, waliamini kwamba kondo huporomoka kutoka juu. Paul Portal, naye wa Paris, alieleza mwaka 1685 kwamba alilikuta limejishikiza palepale mlangoni. Mwaka 1775 Edward Rigby wa Norwich, Uingereza, akatofautisha damu ya kondo lililokaa mahali pake kisha likabanduka, na damu ya kondo lililokaa njiani, ambayo aliiita isiyoepukika.

Lakini mkono uliendelea kuingia. Miaka ya 1860 John Braxton Hicks wa London alifundisha kumgeuza mtoto na kushusha mguu wake mmoja, ili paja na makalio yabane kondo na kuzuia damu. Kina mama wengi waliokolewa. Watoto wengi walikufa, maana miili yao ndiyo iliyofanywa kizibo.

Macafee aliona kwamba damu ya kwanza ni nadra kuua, mradi hakuna aliyechokoa. Kwa hiyo mama alilazwa, akaongezewa damu ikibidi, na mimba ikasubiriwa hadi karibu wiki ya 38. Alipimwa njia ndani ya chumba cha upasuaji tu, visu vikiwa tayari. Kati ya wale 174 alifariki mmoja. Mwaka huohuo wa 1945 daktari Johnson wa Texas naye aliandika kuhusu kusubiri. Kisha ikaja altrasaundi ya uzazi, ambayo Ian Donald wa Glasgow aliichapisha mwaka 1958, na kondo likaonekana bila kuguswa.

Hata hivyo kusubiri kwa Macafee kulikuwa na kitanda, damu na chumba cha upasuaji hatua chache kutoka wodini. Sisi tumeichukua amri, hivyo vingine tumevisahau. Mama anayeambiwa "kapumzike nyumbani", na nyumbani ni mwendo wa saa tatu kwa bodaboda, hajasubirishwa, ametelekezwa. Chigonella, zile nyumba za wajawazito kusubiria karibu na hospitali, zilistahili kuwa fahari ya kila wilaya. Na haja inaongezeka kadiri wanaojifungua kwa upasuaji wanavyoongezeka, kwa kuwa mwenye kovu la upasuaji yumo katika hatari zaidi ya kondo kukaa chini, hata kuzama ndani ya kovu lenyewe.

Kabla ya kutoka, mkunga aliuliza: zahanati, usiku, mimba ya wiki 32, mama analowanisha kanga ya pili. Unaanza na nini?

"Navaa glavu, sista, napima..."

Darasa likanyamaza. Msichana aliyejibu akajishika mdomo.

"Kaa, mwanangu," mkunga alimwambia kwa upole. "Nani atanipa dripu, kundi la damu, gari na ndugu wa kumtolea damu?" Mikono ikanyooshwa. Yeye akatunga uzi sindanoni, akaanza kulishona kondo upya.