Tsunami ya Ghuba ya Lituya (1958)

Wimbi lililopiga ghuba nyembamba ya Alaska, Marekani, usiku wa 9 Julai 1958. Tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa takriban 7.8 katika ufa wa Fairweather liliporomosha mwamba wa mteremko mkali, kiasi cha mita za ujazo milioni 30, ukatumbukia majini kwa mkupuo. Maji yalipanda mlima wa ng'ambo hadi kimo cha mita 524, yakang'oa msitu na udongo wake. Kimo hicho hakijapitwa. Lakini ukubwa huo hudanganya: tsunami ya Bahari ya Hindi ya 2004, iliyotokana na sakafu ya bahari kuinuka, ilivuka hadi Somalia, Kenya na Tanzania, ilhali hii iliishiwa nguvu upesi nje ya ghuba. Ghubani walikufa watu 2.