Tiba shufaa: Utafiti ulioanza kwa kusikiliza uchungu

MAJUZI mwanafunzi wangu wa uzamili aliniuliza: “Prof, mgonjwa asiyetarajiwa kupona anapewaje tiba shufaa? Kwani shufaa si uponyaji?”

Nilimwambia amechanganya maneno mawili yaliyotoka Uarabuni. Shifaa ndiyo uponyaji. Shufaa ni maombezi, yaani kumsimamia mtu anayehitaji mtetezi. Hata hivyo, swali lake lilinirudisha kwenye historia ambayo sisi wa lugha tumewaachia madaktari.

Historia hiyo inaanzia London. Mwaka 1948, Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kisha mhudumu wa ustawi wa jamii hospitalini, alikuwa akimtembelea David Tasma, Myahudi kutoka Poland aliyekuwa akifa kwa saratani. Walizungumza sana. Tasma alimwachia pauni 500, akitaka awe dirisha katika nyumba ambayo Saunders angeijenga siku moja.

Saunders akasomea udaktari na kuhitimu mwaka 1957. Mwaka uliofuata alianza utafiti katika St Joseph’s, mtaani Hackney. Aliandika kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 1,000, na wengine akawarekodi wakijieleza kwa maneno yao wenyewe.

Zama hizo mofini ilitolewa maumivu yakishazidi, tena kwa hofu ya uraibu. Saunders alionyesha kwamba dawa ikitolewa kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, mgonjwa hutulia na akili zake zikabaki timamu. Jambo jingine alilipata kwa kusikiliza tu: aliyeulizwa kuhusu mgongo alijibu pia kuhusu familia, pesa na imani. Akaona kwamba hayo yote ni maumivu jumla. Mwaka 1967 alifungua St Christopher’s, ambapo uuguzi, utafiti na ufundishaji vilikaa chini ya paa moja.

Jina la Kizungu nalo lina kisa chake. Daktari Balfour Mount alipoanzisha huduma hiyo Montreal, Canada, mwaka 1975, aliliepuka neno ‘hospice’ kwa kuwa katika Kifaransa lilinuka umaskini na kutelekezwa. Akachagua jina lenye asili ya Kilatini ‘pallium’, yaani joho la kumfunika mtu.

Kwetu, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Anne Merriman, daktari aliyewahi kuhudumu huko, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na kueneza mofini ya maji ambayo mgonjwa hunywa nyumbani. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandikia wagonjwa.

Sasa watafiti wa Afrika wana hojaji fupi. Mgonjwa hukadiria maumivu, wasiwasi na amani yake kwa alama 0 hadi 5. Hapo ndipo lugha inapogeuka kuwa kipimo.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mswahili naye hasemi tu kwamba anaumwa. Kichwa humgonga, jipu humpwita, tumbo humsokota, kifua humpiga kichomi. Tena neno ‘uchungu’ limebeba mwili na moyo pamoja: kuna uchungu wa kuzaa na uchungu wa kufiwa. Saunders alihitaji miaka kadhaa kulipa jina jambo ambalo Kiswahili kinalo katika neno moja.

Lakini utajiri huo ni mtego. Tukiandika ‘uchungu’ katika hojaji, mama anayewaza karo ya mwanawe atataja 5, na muuguzi ataongeza mofini isiyohitajika. Tukiandika ‘maumivu’ pekee, habari ya karo hatutaisikia kamwe. Yapasa kuuliza yote mawili, kila moja kwa neno lake.

Basi wenzangu wa isimu, tusingoje kualikwa kusahihisha tafsiri baada ya kazi kwisha. Tukae na wauguzi kando ya kitanda, tuokote maneno ya wagonjwa yangali hai. Kumtafutia mgonjwa neno litakaloeleweka ni shufaa pia.