Kiyoyozi hakitoi baridi? Usikimbilie kujaza gesi

Kaskazi ikishika, kuanzia Disemba hadi Machi, fundi wa AC huku Pwani hutafutwa kwa tochi. Akipatikana, jibu mara nyingi ni moja: "Gesi imeisha, tujaze." Mwenye nyumba hulipa, baridi hurudi, na mwaka unaofuata hadithi ni ile ile.

Msomaji, gesi ya kiyoyozi haiishi kama ya jiko. Huzunguka miaka na miaka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, ina pahali inavuja, na kujaza bila kuziba ni kutia maji kwenye ndoo iliyotoboka. Tena mara nyingi gesi iko sawa. Kilichopo ni uchafu.

Unayoweza kufanya mwenyewe

Kwanza zima stima ya kiyoyozi kwenye swichi yake ya ukutani. Rimoti peke yake haitoshi.

*Filta.* Fungua kifuniko cha sehemu ya ndani, zivute, zioshe kwa maji na sabuni kidogo, zianike kivulini mpaka zikauke. Fanya hivi kila wiki 2 hadi 4. Nyumba inayofukizwa udi na ubani kila jioni isingoje mwezi, kwani moshi wake hunata na kushika vumbi.

*Sehemu ya nje.* Upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi hula vibati vyembamba vya alumini ambavyo ndivyo vinavyotoa joto nje. Vioshe kila mwezi kwa maji matamu, yakimwagika polepole. Maji ya kisima yenye chumvi yatazidisha kutu. Ondoa pia maboksi na nguo zilizoanikwa mbele ya feni.

*Bomba la kutoa maji.* Ndani yake huota utelezi. Likiziba, maji hudondoka chumbani na kuharibu ukuta.

Dalili na maana yake

*Kinapuliza lakini hakuna baridi.* Angalia rimoti: alama ya theluji ndiyo ya baridi. Kisha angalia filta, na uone kama feni ya nje inazunguka.

*Barafu imeganda kwenye mabomba.* Ama hewa haipiti kwa sababu ya uchafu, ama gesi imepungua. Zima, iache iyeyuke yenyewe. Usiikwangue kwa kisu, utatoboa bomba.

*Sehemu ya nje inavuma lakini feni haizunguki.* Huenda kapasita imekufa au mota imeshika. Zima, mwite fundi. Usiifungue mwenyewe: kapasita huweza kubaki na stima hata baada ya kuzimwa, na hiyo inaweza kuua.

*Swichi kuu inajizima kila mara.* Usiendelee kuiwasha. Kuna hitilafu kwenye nyaya au kompresa.

Stima zetu hizi

Zikikatika na kurudi, ngoja dakika 3 hadi 5 kabla ya kuwasha, ili presha ndani ya mabomba isawazike. Kompresa ikilazimishwa mapema huumia. Kifaa cha kukinga volteji, chenye uwezo unaolingana na kiyoyozi, hufanya kazi hiyo chenyewe. Kiyoyozi kiwe na waya wake kutoka kwenye swichi kuu, ekstensheni huungua. Na ukikiweka nyuzi 25 badala ya 18, tokeni zitakaa zaidi na usingizi utakuja vile vile.

Fundi akisema gesi imepungua

Muulize mambo manne kabla ya kukubali bei.

1. *Umepima kwa geji?* Akupe kipimo, asikisie kwa kugusa bomba.
2. *Panavuja wapi?* Aangalie maungio kwa povu la sabuni. Doa la mafuta kwenye ungio ni ishara kubwa.
3. *Utatumia gesi gani?* Aina na uzito vimeandikwa kwenye kibandiko cha sehemu ya nje: R22, R410A au R32. Hazichanganywi. R32 inaweza kushika moto, na R290 hushika upesi zaidi, kwa hivyo pasiwe na sigara wala moto karibu.
4. *Una pampu ya kuvuta hewa?* Mabomba yakishafunguliwa na kuzibwa, hewa na unyevu vitolewe kabla ya kujaza. Unyevu ukibaki huharibu kompresa.

Asikubali pia kuifungulia gesi hewani. R22 hudhoofisha tabaka la ozoni, na ndiyo maana inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Fundi mwenye vifaa huikusanya kwenye mtungi.

Mwite kwa usafishaji kamili Oktoba au Novemba, kabla joto halijapanda na foleni haijawa ndefu. Nyumba zilizo karibu na ufuo zirudie kila baada ya miezi mitatu. Fundi mwaminifu hatachukia maswali haya manne. Anayekasirika, mshukuru na umtafute mwengine.