Liwali, Mudiri na Karatasi ya Shamba



Juzi hapa Jeddah, baada ya chai, mzee mmoja wa kwetu upande wa Malindi alinionyesha karatasi ya shamba aliyorithi kwa babake. Kahama nayo mpaka Riyadh, kisha huku. Akaniuliza, "Hii bado ina nguvu?" Jawabu halimo karatasini, limo kwenye historia ya utawala wa Mwambao, ambayo wengi wetu twaijua nusunusu.

Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 yalimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili kumi kutoka baharini. Mwaka 1895 Waingereza wakaukodi huu wa Kenya kwa pauni 11,000 kwa mwaka. Bendera ya Sultani ikabaki juu ya Ngome ya Mombasa, amri ikawa ya Bwana DC. Mbaruk bin Rashid wa Gasi alipigana, na Aprili 1896 akavukia kwa Wajerumani.

Mashambani ndiko mambo yalikochanganyika. Ndani ya ukanda palikuwa na liwali, mudiri chini yake, na kadhi. Ukitoka nje kuelekea bara, Wagiriama waliwekewa hedimani wa serikali kwa sheria ya 1902. Wilaya moja, milango miwili! Na hao hedimani si wazee wa kaya, ndiyo maana 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha watu wasishirikiane nao.

Lakini kubwa ni sheria ya hati za ardhi ya 1908. Kila mwenye dai ukandani aende akalithibitishe. Isiyodaiwa ikawa ardhi ya Mfalme wa Uingereza. Sasa nani alikuwa akiijua njia ya ofisini? Akina Salim bin Khalfan, liwali na mwenye mashamba makubwa Malindi. Wamijikenda waliolima kwa desturi hawakuwa na pa kuandikwa, maana sheria haikutambua milki ya ukoo. Tusijifanye hatujui: karatasi zetu nyingi zilizaliwa siku ile wenzetu walipokosa zao.

Mwishoni mwa 1961 Robertson akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Waliotaka Mwambao uwe peke yake wakashindwa. Oktoba 1963 Kenyatta na Mohammed Shamte wakabadilishana barua: kadhi abaki, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu inapowezekana, hati zilizokwisha kusajiliwa zitambuliwe daima. Mahakama ya kadhi imo hata kwenye katiba ya 2010. Liwali na mudiri waliondolewa baada ya uhuru, wakabaki DO na chifu. Majimbo nayo yakafa 1964 ilipokuja jamhuri.

Basi nikamwambia mzee: hati inatambuliwa, ndiyo. Lakini Kenya ina sheria ya 1968 ya muda wa madai, na aliyeikalia ardhi waziwazi miaka 12 bila idhini ya mwenyewe anaweza kuiomba mahakama imwandikishe yeye. Kwenye lile shamba kuna nyumba, kuna makaburi ya watu waliozaliwa papo hapo.

Akaikunja karatasi, akauliza kama kadhi hawezi kulikata shauri hili. Nikamwambia kadhi wa siku hizi kazi yake ni ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Ardhi ina mahakama yake, nayo itataka kwanza kujua yeye alikuwa wapi miaka yote hiyo.