Remain in Light

Remain in Light ni albamu ya nne ya studio ya bendi ya rock ya Marekani, Talking Heads. Ilitolewa tarehe 8 Oktoba 1980 na lebo ya Sire Records, ikiwa na nyimbo 8. Mtayarishaji wake ni Mwingereza Brian Eno, aliyekuwa akifanya kazi na bendi hiyo kwa albamu ya tatu mfululizo.

Kurekodiwa
Muziki ulirekodiwa katika studio za Compass Point, Nassau, nchini Bahamas, ukakamilishwa New York. Wanabendi David Byrne, Jerry Harrison, Tina Weymouth na Chris Frantz walikuwa wamevutiwa na Afrobeat ya Fela Kuti wa Nigeria. Hawakuanza na mashairi: walipiga vipande vifupi vya ngoma, besi na gitaa, wakavirudiarudia na kuvipandanisha, kisha Byrne akatunga maneno juu yake. Katika wimbo "Once in a Lifetime" aliiga mahubiri ya redioni. Wanamuziki waalikwa ni pamoja na Adrian Belew (gitaa), Jon Hassell (tarumbeta) na Nona Hendryx (sauti).

Jalada
Jalada linaonyesha nyuso za wanabendi wanne zilizofunikwa kwa rangi nyekundu kwa kutumia kompyuta, mbinu iliyokuwa ngeni wakati huo.

Mapokezi
Albamu ilifika nafasi ya 19 katika chati ya Billboard nchini Marekani na ya 21 nchini Uingereza. Mwaka 2018 mwimbaji Angélique Kidjo, mzaliwa wa Benin, aliirekodi upya yote na kuitoa kwa jina lilelile.