Hitilafu ya springi za hewa katika magari ya 4x4

Hitilafu ya springi za hewa ni hali ambayo gari linalobebwa na hewa iliyogandamizwa, badala ya springi za chuma, linashindwa kuinuka, linashuka lenyewe likiwa limeegeshwa, linainama upande mmoja au linabaki katika kimo kisichofaa. Katika magari ya 4x4, yaani yale ambayo injini inaweza kuzungusha magurudumu yote manne, hitilafu hii ina uzito wa pekee, kwa sababu kimo cha gari ndicho kinacholiwezesha kupita juu ya mawe, matope na makorongo.

Mara nyingi chanzo cha hitilafu ni uvujaji mdogo wa hewa. Usipozibwa mapema, uvujaji huo huilazimisha kompresa kufanya kazi kupita kiasi hadi iungue. Kwa hiyo kompresa iliyokufa mara nyingi ni matokeo ya hitilafu, si chanzo chake, na kuibadilisha bila kutafuta mahali hewa inapotokea ni kupoteza fedha.

## Historia

Land Rover ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1948, ilikuwa na springi za vipande bapa vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuja na springi za koili kwenye magurudumu yote manne, jambo lililokuwa geni kwa magari ya aina hiyo wakati ule.

Springi za hewa zilitumika katika mabasi kabla ya kuenea katika magari madogo. Mwaka 1957 kampuni ya Cadillac ya Marekani iliziweka katika gari lake la kifahari Eldorado Brougham. Wamiliki wengi wa gari hilo baadaye walizitoa na kuweka koili kwa sababu ya kuvuja. Hoja ya kutengeneza au kubadilisha ni ya zamani kama teknolojia yenyewe.

Range Rover ilipata springi za hewa zinazoongozwa kwa kompyuta mwaka 1992. Kizazi cha pili cha gari hilo, kilichotoka mwaka 1994 na kujulikana kama P38A, kilikuwa nazo kwenye magurudumu yote manne. Zilifuata Volkswagen Touareg na Porsche Cayenne mwaka 2002, na Land Rover Discovery 3 mwaka 2004. Baadhi ya Toyota Land Cruiser Prado zina springi za hewa nyuma tu, huku mbele zikiwa na koili.

## Muundo na kazi

Sehemu kuu za mfumo ni hizi:

- Springi nne za hewa: kila moja ni mfuko wa mpira ulioimarishwa kwa nyuzi, uliofungwa kati ya bodi au fremu ya gari na sehemu inayobeba gurudumu. Mifuko hii isichanganywe na ile inayofumuka kumkinga abiria wakati wa ajali.
- Kompresa: pampu ndogo ya umeme inayovuta hewa kutoka nje na kuigandamiza.
- Kikaushio: chombo chenye chembe zinazofyonza unyevu wa hewa kabla haijaingia katika mfumo. Gari linaposhushwa, hewa kavu inayotoka hupita humo humo na kuondoa unyevu uliokusanyika.
- Tangi la akiba: huhifadhi hewa ili gari liinuke upesi.
- Vali za umeme: hufungua na kufunga njia ya hewa ya kila springi.
- Sensa za kimo: huipa kompyuta taarifa ya kimo cha gari katika kila gurudumu.
- Kompyuta: hulinganisha taarifa hizo na kimo kilichochaguliwa na dereva, kisha huamuru hewa iongezwe au ipunguzwe.

Kanuni inayotumika ni ile ya fizikia ya sekondari: nguvu ni sawa na kanieneo mara eneo. Tuseme springi moja inabeba kilo 600, yaani nyutoni 6,000 hivi. Kama eneo linalobeba mzigo ni sentimita za mraba 100, kanieneo inayohitajika ni nyutoni 60 kwa kila sentimita ya mraba, sawa na karibu mara 6 ya kanieneo ya angahewa. Mzigo ukiongezeka hadi kilo 700, gari litashuka mpaka kompyuta iongeze hewa na kufikisha nyutoni 70. Ndiyo maana gari la namna hii hubaki sawa hata likipakiwa mizigo mingi nyuma, tofauti na gari la koili ambalo huinama.

Dereva pia anaweza kubadili kimo. Discovery 3 huinuka milimita 55 juu ya kimo cha kawaida kwa ajili ya njia mbaya, na hushuka milimita 50 ili abiria wapande kwa urahisi. Katika njia mbaya vali zake huunganisha springi ya kushoto na ya kulia, ili gurudumu moja likisukumwa juu jingine lishuke kutafuta ardhi.

## Vyanzo vya hitilafu

Mpira huchakaa. Mfuko wa springi hujikunja na kujikunjua kila gari linapopita kwenye tuta, na baada ya miaka mingi nyufa ndogo hutokea kwenye mkunjo. Mchanga na tope vikikauka ndani ya mkunjo huo husaga mpira kama msasa.

Mabomba ya plastiki yanayopeleka hewa huweza kusuguliwa na fremu au kupigwa na mawe, na viungio vyake huvuja. Pete za mpira ndani ya vali hukauka na kuacha hewa ipite polepole. Uvujaji wa aina hii hauonekani kwa macho.

Kikaushio kikishajaa unyevu, maji huingia kwenye vali na kuleta kutu. Katika nchi za baridi maji hayo huweza kuganda na kuziba njia ya hewa.

Kompresa huchakaa kwa kazi. Imeundwa kufanya kazi kwa muda mfupi na kupoa. Mahali pa hewa panapovuja, huwaka tena na tena, pete ya pistoni yake huisha, na mwisho haiwezi kufikisha kanieneo inayotakiwa. Rilei inayoiwasha nayo huweza kunata, kompresa ikaendelea kuzunguka bila kuzimika.

Sensa za kimo hukaa karibu na magurudumu, mahali pa maji na matope. Ikitoa taarifa ya uongo, kompyuta huinua au kushusha kona isiyohusika ingawa hakuna hewa inayovuja.

## Dalili

- Kona moja imeshuka asubuhi: springi ya kona hiyo, bomba lake au vali yake inavuja.
- Gari lote limeshuka: huenda kona moja tu inavuja. Baadhi ya magari hujisawazisha yakiwa yameegeshwa kwa kushusha kona nyingine zifuate ile iliyo chini.
- Kompresa inalia muda mrefu na gari linainuka polepole: kuna uvujaji mkubwa, au kompresa imechoka.
- Kompresa haisikiki kabisa: fyuzi imekatika, rilei imekufa, kompresa imeungua au imejizima kwa sababu ya joto.
- Gari limeinama lakini halishuki zaidi likiegeshwa: sensa ya kimo inashukiwa.

Kompyuta inapogundua tatizo huwasha taa ya onyo na huweza kuweka ukomo wa mwendo. Discovery 3, kwa mfano, humwambia dereva asizidi kilomita 50 kwa saa.

## Kutafuta mahali panapovuja

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Gari huegeshwa mahali tambarare, kisha hupimwa kwa futi kamba kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Vipimo vinne huandikwa, na asubuhi hupimwa tena. Ili gari lisijisawazishe usiku na kuficha kona yenye kosa, fyuzi ya mfumo hutolewa kwanza kama kitabu cha gari kinavyoelekeza.

Kona inayoshukiwa ikijulikana, maji ya sabuni hupuliziwa kwenye mfuko wa mpira, viungio na vali. Mapovu yanayokua ni alama ya hewa inayotoka. Inafaa gari liwe katika kimo cha juu, kwa sababu nyufa nyingi hujificha ndani ya mkunjo na huonekana mpira ukinyooka.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari husaidia kuona kanieneo ya tangi, vipimo vya sensa na makosa yaliyohifadhiwa. Hata hivyo ujumbe kwamba kompresa imeshindwa kufikisha kanieneo kwa wakati hausemi kama kompresa ndiyo mbovu au hewa ndiyo inayopotea. Jibu hutokana na maji ya sabuni.

## Hatua za dharura njiani

Gari likishuka ghafla safarini, dereva husimama mahali salama na kuangalia kwanza kama tairi halijapasuka, kwa kuwa dalili zinafanana. Injini ikizimwa kwa muda, kompresa iliyojizima kwa joto huweza kupoa na kufanya kazi tena. Fyuzi na rilei hukaguliwa, kisha husikilizwa kama kuna sauti ya hewa inayotoka.

Springi ikiisha hewa kabisa, gari hukalia vizuizi vya mpira vilivyowekwa kuzuia chuma kisigonge chuma. Linaweza kusogea, lakini kila shimo hupiga moja kwa moja kwenye bodi, usukani hupungua uhakika na tairi huweza kusugua bodi. Mwendo unapaswa kuwa mdogo sana, na mzigo upunguzwe ikiwezekana. Njia iliyopitika asubuhi gari likiwa juu inaweza isipitike jioni likiwa chini, hivyo kurudi kwenye barabara nzuri ni busara kuliko kuendelea mbele.

Baadhi ya wasafiri wa P38A hubeba vali za tairi zinazoweza kuunganishwa kwenye bomba la kila springi. Mfumo ukigoma, springi hujazwa kwa pampu ya matairi kama tairi la kawaida, na gari hufika mjini bila kompyuta. Njia hii haifai kama mfuko wenyewe umepasuka.

## Usalama

Gari linalobebwa na hewa linaweza kushuka wakati wowote, hata likiwa limezimwa. Mtu aliye chini yake au aliyeingiza mkono kati ya tairi na bodi anaweza kubanwa hadi kufa. Hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari hilo kwa kutegemea springi au jeki peke yake. Fremu lazima iegemezwe kwenye stendi imara na magurudumu yawekewe vizuizi.

Kabla ya kufungua bomba au springi, hewa yote hutolewa katika sehemu hiyo. Springi isiyobeba mzigo haijazwi hewa nyingi, kwani huweza kufumuka na kuchomoka. Springi mpya nayo haibebeshwi uzito wa gari ikiwa tupu, kwa sababu mpira hukunjika vibaya na kuharibika siku hiyo hiyo.

## Matengenezo

Utaratibu unaofaa ni kuziba uvujaji kwanza, kisha kukagua kikaushio, na mwisho kuamua kuhusu kompresa. Pete za vali hubadilishwa kwa gharama ndogo kuliko kununua vali zote. Springi hubadilishwa mbili mbili kwa ekseli, kwa kuwa iliyobaki ina umri ule ule. Kompresa mpya hufungwa pamoja na rilei mpya. Sensa ikibadilishwa, vimo vya gari hupangwa upya kwa mashine.

## Kubadilisha kuwa koili

Wamiliki wengine huondoa mfumo wote na kufunga springi za koili. Koili hazivuji, hutengenezwa na fundi yeyote na ni rahisi kupata. Kwa upande mwingine gari hupoteza uwezo wa kubadili kimo, kujisawazisha likiwa na mzigo na, kwa Discovery 3, kuunganisha magurudumu ya kushoto na kulia. Kompyuta nayo lazima ipangwe upya, la sivyo taa za onyo hubaki zimewaka. Koili zikichaguliwa bila kuzingatia uzito wa gari, huwa ngumu mno au laini mno.

Katika Afrika Mashariki, ambako magari mengi ya aina hii huingizwa yakiwa yametumika, uamuzi huo hukuta mpira ambao tayari una umri mkubwa. Mnunuzi anaweza kujikinga kwa kuomba gari liinuliwe hadi kimo cha juu, kuangalia mikunjo ya springi zote nne, kusikiliza kompresa inazunguka kwa muda gani, na kurudi kesho yake kuona kama bado limesimama sawa.

## Kinga

Mikunjo ya springi huoshwa kwa maji yasiyo na kasi kubwa kila baada ya safari ya matope au mchanga. Gari hupandishwa na kushushwa katika vimo vyote mara kwa mara ili vali zisinate. Chujio la hewa la kompresa hukaguliwa, hasa katika maeneo ya vumbi. Zaidi ya yote, kona inayoshuka kidogo kila usiku haipuuzwi: ikitengenezwa mapema, kazi huishia kwenye springi au pete moja, na kompresa husalimika.